Kipimo cha Mate Kilimkamata Mwenye Magari

Mimi ni Lameki, mtu wa Nyololo. Shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kulisema, maana wengi walionipita darasani niliwaajiri baadaye. Nilianza kwa kubeba mbao begani katika misitu ya Mufindi. Bega langu la kulia lina sugu mpaka leo. Kutoka kubeba nikawa utingo, kutoka utingo nikawa dereva, kisha nikanunua Fuso bovu na kulifufua mwenyewe kwa spana mbili na nyundo. Mambo haya yaliponikuta nilikuwa na malori matano na yadi pale Ipogolo, kando ya barabara kuu. Sikuwahi kulazwa. Mtu akiniambia kichwa kinamuuma, namwambia kichwa ni cha kuvalia kofia, nenda kazini.

Nawaeleza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Ugonjwa wangu ulipata pazuri pa kujificha.

Ulianzia mgongoni. Tulikuwa tunafunga mzigo wa nguzo za umeme, mnyororo ukakatika, nguzo moja ikanishukia kiunoni. Nilianguka kifudifudi kwenye matope na sikuhisi miguu kwa muda wa kuvuta sigara moja. Hospitali walinipiga picha wakasema mfupa haujavunjika, ila umebonyea. Wakanipa vidonge vya maumivu. Daktari aliniambia siku tano, zisizidi, na kama maumivu yatabaki nirudi.

Siku ya tano mgongo ulikuwa kimya. Lakini si mgongo tu. Moyo nao ulikuwa umetulia kama mtu aliyepokewa mzigo. Hasira zangu, mawazo ya magari, vyote vilikaa mbali. Sikurudi kwa daktari. Nilikwenda duka la dawa moja barabarani, ambalo hawakudai karatasi ya daktari, nikanunua vingine.

Vidonge viwili vikawa vinne. Vinne vikawa vinane. Mwaka wa pili nilikuwa nakula kumi na viwili kwa siku, siku nyingine kumi na sita. Naita kula kwa sababu sikuwa navinywa tena kwa maji, nilikuwa natafuna. Choo nilipata mara moja kwa wiki, na siku hiyo nilitoka damu. Mwili uliniwasha usiku kucha, nikajikuna mpaka mapaja yakawa na makovu. Kinywa kilikauka, ulimi ukawa kama gome la mti. Kwa mke wangu sikuwa mume tena, na sikumwambia kwa nini. Nilisinzia nikiwa nimekaa, kijiko mkononi.

Mke wangu, Mama Tumaini, alivikuta vidonge kwenye kopo langu la wembe. Akaniuliza ni vya nini. Nikamwambia ni vya presha. Akaniangalia tu. Mwanamke wa Kihehe akikuangalia hivyo, ujue amekuhesabia uongo, ila amekuachia heshima yako.

Sasa, tulikuwa tunasomba majani ya chai ya kampuni moja. Kampuni ikatoa sharti kwamba kila dereva wa mzigo wao apimwe mate kuona kama anatumia dawa za kulevya. Nililipenda sharti lile. Madereva wangu nilikuwa nawashuku. Mmoja hasa, Ambokile, Mnyakyusa wa Uyole, fundi wa usukani kuliko wote, nilijua jioni za mapumziko anavuta bangi. Nikasema acha kije hicho kipimo, kinisafishie yadi.

Akaja nesi, Sista Neema, na boksi lake. Madereva watano wakajipanga chini ya turubai. Alieleza vizuri. Kijiti chenye sponji unakiweka mdomoni mpaka kilowe, kisha kinaingia kwenye kikasha chenye majina ya dawa, na mbele ya kila jina pana mahali pa mstari. Madereva wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema nani anajua hicho kijiti kimepakwa nini. Mwingine akasema bosi anataka kutufukuza kwa kutumia mate yetu wenyewe.

Kwetu, mtu akikukaribisha ulanzi, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa kikombe. Anakuonyesha kwamba hakuna sumu. Asiyeonja kwanza hanywewi pombe yake. Basi mimi, kwa ujinga wa kiburi changu, nikaona hapa ndipo pa kuonja. Nikamwambia Sista, "Lete hapa. Mwenye nyumba anatangulia." Wala sikukumbuka vidonge. Niseme kweli, kichwani mwangu dawa za kulevya zilikuwa bangi na unga, vitu vya vijana wa vijiweni. Vyangu vilikuwa dawa. Vilitoka dukani, vina boksi.

Nikaweka kijiti mdomoni. Mate hayakuja. Nilikaa nacho nikikisukuma kwa ulimi huku madereva wananitazama. Ambokile akasema, "Mzee, fikiria limao." Wakacheka. Nami nikacheka na kijiti mdomoni.

Mwisho kikalowa. Sista akakiweka kwenye kikasha, tukasubiri. Mistari ikaanza kutokea, mmoja mmoja, myekundu. Sehemu moja ikabaki nyeupe. Nikakinyakua kikasha nikakiinua juu. Nikawaambia, mmeona, hapa ni peupe kabisa, mimi ni msafi kuliko hata kipimo chenyewe.

Sista Neema akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, lakini turubai lile halikuwa na ukuta, "Mzee, mstari ukitokea ndiyo usalama. Palipo peupe ndipo penye kitu."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wangecheka.

Akaniuliza taratibu kama kuna dawa yoyote natumia, hata ya maumivu, kwa sababu wapo wanaoonekana hivyo kwa dawa halali, na ipo njia ya kwenda kuthibitisha maabara. Alinifungulia mlango mpana kabisa. Nikamjibu situmii kitu. Nikasema kipimo chake ni cha Kichina, kimeharibika. Akaleta kingine. Kikaacha peupe palepale. Hapo nikamwambia, "Mimi si dereva. Mimi ni mwenye magari. Jina langu halimo kwenye orodha yako." Akaangalia karatasi. Kweli halikuwemo. Akakiweka kikasha pembeni, na machoni alikuwa na huruma, jambo lililonichoma kuliko dharau.

Akaendelea na wengine. Wanne walikuwa salama. Ambokile akakosa mstari wa bangi.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo naona aibu kuliko kitandani nilikojinyea baadaye. Mimi, ambaye kikasha changu kilikuwa bado kipo mezani, nilimfukuza Ambokile palepale. Nilimwambia aweke ufunguo na asikanyage tena yadi yangu. Sista akajaribu kusema kwamba utaratibu ni kumsimamisha na kumpeleka akasaidiwe. Nikamkata kauli.

Ambokile aliweka ufunguo mezani bila haraka. Akasema, "Sawa, Mzee. Mimi umenishusha. Wewe nani atakushusha?"

Nikamwambia atoke. Akatoka, akageuka getini akawaambia wenzake kwamba Mhehe akikosea, hasira huja kwanza, na samahani hufia njiani.

Gari la Ambokile lilikuwa limeshapakiwa mbao za kwenda Mbeya. Sikuwa na dereva wa akiba. Kesho yake asubuhi nikasema naliendesha mwenyewe. Nilitaka waone. Binti yetu Tumaini alikuwa amejifungua huko Mbeya, kwa hiyo Mama Tumaini akapanda nami, na unga wa ulezi kwenye ndoo na kuku wawili waliofungwa miguu. Kabla hajapanda aliuliza jambo moja tu, kama nimelala vizuri. Nikamwambia nimelala. Nilikuwa nimetafuna vidonge sita.

Tulipita Nyololo, tukapita Makambako, tukashuka Igawa. Pale joto linaanza na barabara inanyooka. Jua lilikuwa la saa sita. Nakumbuka Mama Tumaini ananieleza jina la mtoto. Kisha sikumbuki. Hakuna kilichotokea barabarani, hapakuwa na ng'ombe wala pikipiki. Nilizimika tu, kama taa.

Gari likaacha lami likagonga ukingo wa kalavati. Mimi niligonga usukani, mbavu mbili zikavunjika. Lakini mzigo wa mbao haukusimama gari liliposimama. Ulikuja mbele, ukavunja nyuma ya kebini upande wa kushoto, upande aliokaa mke wangu. Mguu wake ulikuwa chini ya mbao na bati kuanzia goti. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema, "Baba Tumaini, vuta. Vuta, baba." Nikavuta, na mikono yangu haikuwa na nguvu hata ya kuinua ubao mmoja. Wanakijiji ndio walimtoa kwa mashoka.

Hospitali ya Mbeya walimkata mguu siku ileile, chini ya goti.

Mimi nililazwa wodi ya wanaume. Daktari, mtoto wa umri wa kitinda mimba wangu, akaniuliza natumia dawa gani. Nikamwambia natumia chai. Siku ya pili mateso yakaanza. Kwanza miayo, mfululizo, mpaka taya ikauma. Kisha kamasi na machozi. Ngozi ikasimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Miguu ikawa inapiga mateke yenyewe, sikuweza kuizuia. Tumbo lililokuwa limefunga miaka miwili likafunguka kitandani, mbele ya wagonjwa wengine, na muuguzi akanisafisha kama mtoto. Jasho la baridi. Niliona wadudu ukutani. Siku ya tatu nikapata degedege, nikajing'ata ulimi, nikazinduka kinywa kimejaa damu.

Daktari akarudi akakaa kitandani kwangu. Akasema, "Mzee, nikikuuliza mara ya pili na ukanidanganya, utakufa na mimi nitaandika sijui chanzo. Unakula nini?"

Nikamwambia. Jina la kidonge, idadi, miaka. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia hesabu ile kwa sauti yangu.

Hakunisema vibaya. Akanieleza, "Hiyo dawa na unga ni ndugu. Unga ni mkubwa, huyu ni mdogo, lakini baba yao mmoja. Na kuacha ghafla nako kunaua. Tutashuka ngazi kwa ngazi." Wakanipa ileile kwa kipimo chao, wakaipunguza kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Nilishuka ngazi zile nikilia. Mwenye malori matano analilia nusu ya kidonge. Ilichukua wiki tisa, na baada ya hapo miezi ya kutolala.

Nilipoweza kutembea nilikwenda wodi ya wanawake. Nilikaa kwenye stuli. Nikamweleza Mama Tumaini yote, kopo, duka, peupe pa kikasha. Alikuwa anaangalia dirishani. Akasema, "Nilijua."

Akaendelea bila kunigeukia.

"Nilijua tangu kopo. Asubuhi ile niliyaona macho yako. Lakini wafanyakazi walikuwa wamesimama pale yadi, nami ningekuambiaje ushuke mbele yao? Nikapanda. Hilo linaniuma kuliko kidonda."

Nimebeba magogo mengi maishani. Hilo neno sijapata pa kulitua.

Nilipopona nilikwenda Uyole kumtafuta Ambokile. Nilimkuta anavuna viazi. Nikamwomba msamaha, sentensi moja, zaidi sikuweza. Akajifuta udongo akaniuliza, "Kwa hiyo sasa tumelingana, Mzee?" Nikamwambia hapana. Yeye alivuta akalala kwake. Mimi nilikula nikashika usukani. Nikamwambia kazi yake ipo akitaka kurudi, akasema atafikiri. Alifikiri miezi mitatu, akapimwa, mistari ikatimia, akarudi. Hatutaniani kama zamani. Ananiita Mzee, basi.

Pale yadi bado tunapima mate. Jina langu lipo juu kabisa kwenye orodha, hata kama siendeshi tena. Aliyekosa mstari anaweka ufunguo na anakwenda hospitali, hafukuzwi. Akirudi salama anapewa ufunguo wake. Wapo walioniambia nawalea wavuta bangi. Nawajibu kwamba nilikuwa bosi mkali na haikumwokoa mtu.

Mungu namshukuru kwa kuniacha hai, ingawa sielewi hesabu yake. Namshukuru Sista Neema, aliyekuja kuniona wodini bila kuniambia, "Nilikuambia." Namshukuru yule muuguzi ambaye jina lake sikuuliza. Na mke wangu simshukuru kwa maneno. Kila asubuhi namfunga mguu wa bandia, mikanda mitatu, na siku nyingine anazungumza nami, siku nyingine hazungumzi.

Ninyi wenye magari, msidhani kijiti kile ni cha kuwinda wafanyakazi. Na wewe unayetafuna kidonge cha mgongo, cha jino, cha kikohozi, mwaka wa pili sasa, usijidanganye kwa sababu kina boksi. Nesi akikuuliza unatumia nini, mwambie siku hiyohiyo, hata kama walio chini yako wanasikia. Mimi nilisema kweli mwishowe. Nilichelewa kwa mguu mmoja tu, na mguu wenyewe haukuwa wangu.