Ndoo ya Asali ya Baba Pendo

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya ndoo ya asali, mwanangu. Kaa hapo nikusimulie. Na yule jogoo uliyemfunga jikoni tutamrudia, usidhani sijamwona.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimepangiwa shule ya msingi upande wa Mitundu. Mwalimu mkuu wetu alikuwa Mama Mkumbo, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asiyeharakishwa na mtu. Mimi shangazi yako unanijua, tangu utoto siamini mtu upesi. Hata mgeni akinisifia mboga, namtazama mara mbili nijue anataka nini.

Basi nikamwona Baba Pendo anasukuma baiskeli kuelekea nyumbani kwa Mama Mkumbo, ndoo ya asali imefungwa nyuma. Machale yakanicheza. Baba Pendo alikuwa mfugaji ambaye hakuwahi kukanyaga shuleni, hata kwenye kikao cha wazazi. Binti yake Pendo alikuwa darasa la saba, ndiye anayeongoza darasa, na mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Na siku hizohizo kijiji kizima kilikuwa kimeona ng'ombe wageni kwenye zizi lake. Ng'ombe wa namna hiyo unajua wanatoka wapi. Kuna mtu alishaanza kutoa mahari.

Halafu Pendo akaanza kukosea. Hesabu alizozoea kuzimaliza huku anacheka, sasa anaandika majibu ya ajabu, tena kainamisha kichwa. Enzi zile, na hata leo usidanganyike, mzazi akitaka kumwoza binti humwambia ajifelishe mtihani. Akishafeli nani atauliza? Anaolewa kimyakimya.

Kilichonichoma ni kwamba Mama Mkumbo aliipokea ile asali. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamsindikiza mgeni mpaka njiani, wanacheka. Kesho yake akamwita Pendo ofisini, akafunga mlango. Mtoto akatoka macho mekundu. Nikasema moyoni, basi, mtoto ameshauzwa.

Unafikiri nilikwenda kumuuliza? Thubutu! Nilikwenda kwenye chumba cha walimu nikawanong'oneza wenzangu. Tukawa tukimwona anaingia, tunanyamaza. Tuliichunguza hata chai yake, kama ina sukari au asali. Nilimchukia yule mama, nakwambia kweli, na Pendo nilimwonea huruma.

Kikao cha wazazi kikafika. Mama Mkumbo akatuma mtu amfuate Baba Pendo kwake, naye akaja, akakaa nyuma kabisa. Uji ulikuwa tayari kwenye sufuria kubwa. Mama Mkumbo akatoka na ile ndoo, imejaa vilevile, akaifunua mbele ya watu.

"Wazazi wenzangu, leo uji una asali," akasema. "Ametuletea Baba Pendo. Binti yake anaongoza darasa la saba na sote tunamtarajia aende sekondari. Karibuni tuonje, tumpongeze mzee."

Wee! Kina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji akainuka kumpa mkono. Baba Pendo katoa macho, jasho linamtiririka. Angesema nini? Kwamba asali ile aliileta ili mwalimu mkuu afumbe macho? Akajikohoza, akasema, "Ndiyo, ndiyo. Asome."

Pendo alifanya mtihani wake kwa akili zake, akafaulu. Wale ng'ombe wageni walirudishwa kwa mwenyewe mchana kweupe, kila mtu akiwaona.

Lakini siku ileile ya kikao, zamu yangu ilikuwa bado. Watu walipotawanyika baada ya kikao, Mama Mkumbo akaniita. Nikadhani ananipa uji uliobaki. Kumbe kila neno nililonong'ona lilishamfikia.

"Ulinishuku," akasema. "Kunishuku hukukosea. Mtu mwenye asali ya watu ndani kwake lazima ashukiwe. Ila ulimwambia kila mtu isipokuwa mimi. Sasa nijibu, mwalimu. Ingekuwa kweli nimenunuliwa, huyu mtoto angekuwa wapi leo, wakati wewe bado unanong'ona?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Sasa wewe ndiye mwalimu mkuu hapa Kintinku, mwanangu. Watakwambia kiongozi awaamini watu. Waamini, lakini shuku pia. Mzazi asiyeonekana vikaoni akija na mzigo mkononi, jiulize ana mtoto gani na mtoto huyo ana nini. Usimrudishie kitu chake, maana kwetu kumrudishia mtu kuku wake ni kumtukana. Kipeleke mahali ambapo kila mtu atakiona na kukila. Ukimshuku mwalimu wako, mwite, muulize ana kwa ana, usingoje kesho. Na wao wakikushuku wewe, usinune. Waache waulize, uwajibu. Mama Mkumbo mwenyewe hapo aliteleza: alifunga mlango na yule mtoto, akaelezwa yote aliyoagizwa na baba yake, sisi huku nje akatuacha tuwaze tunavyotaka. Miaka baadaye nilimwambia hivyo. Alicheka, akakubali.

Mungu akulinde na wenye maneno matamu. Akupe jicho la kumwona mtoto anayefeli makusudi, na akupe mdomo wa kuuliza mapema, kabla hajaondoka. Shule yako iwe na baraka, na wewe mwenyewe ulale bila deni la mtu. Amina.

Haya. Tangu nimefika unanizungusha tu. Yule jogoo kaletwa na nani, na mtoto wake yuko darasa la ngapi?