Pipa la Mzee Buluu

Mzee Buluu hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na kiwanda cha nguo, kama kilivyompa kikohozi na kucha zisizotakata hata azisugue kwa jiwe. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi, na kupima kemikali za kuoshea vitambaa kabla havijaingia kwenye mashine. Aliipenda, asikudanganye mtu. Siku ya mapumziko utamkuta kaegemea geti anapiga soga na walinzi, eti anapunga upepo.

Tena alikuwa na cheo ambacho mwajiri hakuwahi kumpa. Mapipa matupu ya kemikali, yale ya plastiki yenye mifuniko ya kukaza, yalikuwa chini yake, na yeye ndiye aliyeamua nani abebe lipi kwenda nalo nyumbani. Usicheke. Mahali ambapo bomba linatoa maji siku linapojisikia, pipa kubwa lisilovuja ni mali. Watu walimwamkia hata mara mbili kwa siku.

"Shikamoo Mzee Buluu, mimi umenisahau?"

"Marahaba. Subiri zamu yako, mapipa hayaanguliwi kama vifaranga."

Aliyaosha mwenyewe kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu iishe, ndipo anayatoa. Kitindamimba wake alipooa, alimpelekea pipa zuri kuliko yote. Mkazamwana akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka jikoni, na maji yake ndiyo wakawa wanapikia na kunywa.

Huyo mkazamwana, masikini, mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilifika pazuri, watu wameshaanza kubishania majina, nayo ikatoka. Na mke wa Mzee Buluu, Mungu amsamehe, ana ulimi usio na breki. "Shamba hili halioti kitu," alisema mbele ya majirani, mtoto wa watu akimsikia. Akaitisha kikao cha familia, kikae Jumapili ijayo: binti arudishwe kwao, mwanawe atafutiwe mwingine. Mzee Buluu akachukua kofia yake akatoka. Mambo ya uzazi, alijisemea, mimi yananihusu nini?

Wiki hiyohiyo, Jumanne, akapelekwa semina. Semina yenyewe ilikuwa kioja. Viwanda vya nguo vya eneo lile vilikuwa paka na panya, vikiibiana mafundi na wateja, na wenye viwanda hawasalimiani hata wakikutana msibani. Lakini wanunuzi wakubwa walikuwa wamechoka kusikia habari za nguo zenye sumu. Wakawaambia: kaeni meza moja, mkubaliane kemikali zipi mziache na zipi salama mzitumie wote, la sivyo tunahamia kwingine. Basi tumbo likawapatanisha. Wakaazimana wataalamu, wakawakusanya wachanganyaji rangi wote ukumbini wafundishwe.

Mwalimu alikuwa mkemia wa kiwanda cha jirani, mama mmoja wa sauti ya chini. Akasema kuanzia sasa kila pipa tupu litobolewe, lirudishwe kwa aliyeliuza. Ukumbi ukaguna. Mzee Buluu akasimama, maana aliiona heshima yake inaondoka hivi hivi.

"Mama, sisi mapipa hayo tunayanywea maji miaka nenda rudi. Mimi hapa nimekufa?"

Watu wakaangua kicheko. Yule mama hakucheka. Aliinua kipande cha pipa kilichooshwa na kuoshwa tena, akaeleza kuwa plastiki huinywa kemikali kama ukuta unavyonywa mvua, kisha huitoa kidogo kidogo ndani ya maji. Akaitaja ile ya kuoshea vitambaa.

"Hiyo, mzee, haina haraka na wewe. Inamtafuta aliye tumboni."

Mzee Buluu akakaa. Wakati wa chai alimfuata pembeni.

"Mtu akipoteza mimba tatu, ni pipa hilo?"

"Siwezi kukuapia. Huenda ni pipa, huenda ni jambo jingine kabisa. Ila angekuwa binti yangu, asingeonja tena hata tone."

Wewe ungetoka pale mbio, sivyo? Hata mimi. Mzee Buluu alikwenda nyumbani, akala, akajifunika shuka. Kila kulipokucha alijiambia kesho nitasema. Nusu ya mtaa inakunywa kwenye mapipa yangu, alijisemea, watanitazamaje? Aibu ni kitu kibaya, jamani. Inamfunga mtu mzima mdomo kama mtoto aliyevunja sahani.

Jumapili ikafika. Mkewe ndiye aliyefungua kikao. "Sisi tumevumilia vya kutosha. Mwenye macho haambiwi tazama." Kitindamimba aliangalia sakafu, dume zima. Mkazamwana alikaa ukingoni mwa kochi na mkoba mapajani, kama abiria anayesubiri kuitwa. Ilipofika kwenye kupanga siku ya kumrudisha, Mzee Buluu akashindwa kuvumilia.

"Haendi popote. Huenda mwenye makosa ni mimi."

Akasema yote: pipa, kemikali, semina, maneno ya yule mama. Machozi yakamtoka, mzee na mvi zake. Mkewe alifungua mdomo ukabaki wazi, bila neno. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu waoane.

"Nisamehe, mama yangu," akamwambia mkazamwana. "Nilidhani nakupa mali."

Mumewe akanyoosha mkono amshike bega, binti akausogeza pembeni.

"Semina ilikuwa lini, Baba?"

"Jumanne."

"Alhamisi ulipita kwangu."

Mzee Buluu akaanza kuzisugua kucha zake.

"Jua lilikuwa linawaka, shati lote limekulowa jasho. Nikakuletea maji, ukasema huna kiu." Alisema taratibu, bila kupandisha sauti. "Nikaona hasara kuyamwaga. Nikayanywa mimi, Baba, na wewe umekaa unaniangalia."