Mnyororo wa Ukingoni

Zakhar Pylypovych alikuwa msimamizi wa mizigo, akiruka nayo kutoka uwanja wa ndege wa Hostomel, Ukraine, kwa miaka thelathini na mmoja, na kazini hakuwahi kulitamka neno "mwisho". Wanahewa wa zamani hawakulitamka. Safari ya mwisho ni ile usiyorudi, kwa hiyo walisema "ya ukingoni". Siku hizi watu hubwabwaja lolote, na ndege zinaruka tu.

Asubuhi moja ya Machi ndege kubwa ya mizigo ilikuwa imepiga magoti, miguu ya mbele imekunjwa ili ipakiwe, pua imefunuliwa juu. Tumboni mlikuwa na setilaiti ndani ya sanduku refu kama nyumba, na minyororo ishirini na minne ya kulifunga. Zakhar alikuwa upande wa mbele. Nyuma ya sanduku alikuwa Bohdana, fundi mpya kutoka chuoni.

"Bohdana, wa ukingoni umeufunga?"

"Nimeukaza, Zakhar Pylypovych. Hata mkweo hawezi kuufungua."

"Mkwe wangu hata chupa hafungui."

Zakhar aliuliza kuhusu wa ishirini na nne, ule wa kumalizia hesabu. Bohdana alimjibu kuhusu ule ulio ukingoni mwa sakafu, jirani na mlango. Zamani Zakhar angezunguka, akagonga kila mnyororo kwa spana na kusikiliza mlio wake. Sasa saa ya kuondoka hupangwa na watu wa ofisini. Akatia sahihi karatasi ya ukaguzi.

Pua ilipofungwa, ndege ikainuka kutoka magotini, na chuma kikaburuzika sakafuni. Zakhar akaufuata mlio huo, akaukuta mnyororo wa ishirini na nne umelala chini.

Rubani mkuu, Ostap, aliyeruka naye miaka mingi, akaja akautazama.

"Ufunge, Pylypovych, twende zetu. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua. Minyororo yote ikaguliwe upya."

"Karatasi ina sahihi yako. Cheti chako cha kuruka watakichukua."

"Wana mikono, wachukue."

"Ni kosa langu," Bohdana akasema.

"Wewe ulijibu ulichoulizwa, binti."

Walichelewa kwa saa tatu. Ofisi ikachukua cheti, na kuanzia wiki hiyo ikaagiza watu waseme "mwisho", kama watu wote. Kiti cha Zakhar ndegeni akapewa Bohdana siku ileile. Mzee alisimama kwenye zege mpaka ndege ikapotea mawinguni, kisha akaenda ghalani kurudisha glavu zake.

"Niandikeje?" mtunza ghala akauliza.

"Andika jozi moja. Zimetoboka."