Jumapili za Viti vya Mbele

Mimi sinema sikuwahi kuzipenda. Niseme hivyo mapema, maana watu wakisikia kwamba kila Jumapili mchana nilikuwa ukumbini, hudhani nilikuwa mpenda raha. Aliyezipenda ni mume wangu. Mimi nilichopenda ni kulala.

Tulikaa Makadara, chumba kimoja sisi na watoto. Jumatatu hadi Jumamosi nilikuwa soko la Gikomba na mafungu yangu ya nyanya, nimeinama tangu alfajiri, na Jumapili baada ya kanisa mgongo ulikuwa hautaki kingine ila kitanda. Lakini mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi ile ilikuwa imemla macho. Wakati huu ninaousimulia, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Kazi alishaiacha. Sinema alikataa kuziacha, na bila mtu wa kumshika mkono kuvuka Jogoo Road asingefika.

"Utaenda kuona nini, baba watoto?" nilimuuliza siku moja, nimekasirika.

"Twende tu," akasema.

Nilikuja kuelewa tulipokaa. Alitaka viti vya mbele kabisa, vile vya bei ya chini, ambako hakuna aliyefunga mdomo. Huko mbele watu waliongea na picha. Adui akijificha nyuma ya mlango, wote kwa pamoja: "Cheki nyuma yako, fala wewe!" Staring, yaani yule mhusika mkuu, akichomoa bastola, walimhesabia risasi kwa sauti. Mapenzi yakianza, miluzi. Jambazi mwenye kofia nyeusi aliitwa Kofia tangu anaingia hadi anazikwa. Mume wangu alicheka walipocheka, na mara nyingine alipiga kelele kabla yao. Aliyeketi kiti cha pili hangejua kuwa haoni. Wale watu ndio waliokuwa macho yake. Mimi nilisinzia pale pembeni na sikutakiwa kusema lolote.

Sasa Jumapili moja wakatuwekea picha ya ajabu. Mwanamke wa Kizungu, sijui karani sijui mshonaji, akitoka kazini anaingia sinema. Anakaa peke yake, anaangalia. Kesho yake tena. Picha anayoiangalia hatuonyeshwi, tunaonyeshwa yeye tu, uso umejaa ukuta mzima. Watu walingoja ngumi, ngumi hazikuja. Mmoja akalalamika, "Kwani tumekuja hapa kumwangalia mtu akiangalia sinema?" Wakacheka kidogo, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kuvuta sigara. Waliobaki walinyamaza.

Mume wangu akageuza kichwa huku na huku. Akanishika mkono.

"Mama watoto, kuna nini? Mbona wamenyamaza?"

"Hakuna kitu. Ni mwanamke anaangalia sinema."

"Sinema gani?"

"Haionekani. Unaonekana uso wake tu."

"Ukoje?"

Nilichoka hata kabla ya kujibu. Mimi si mtu wa maneno mengi. Lakini alikuwa amenikaza mkono kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni, nikamwonea huruma, na hasira nazo zilikuwa hapo hapo. Nikamwambia nilichoona. Kwamba chini ya macho pameingia weusi. Kwamba nywele amezibana bila kujitazama kwenye kioo. Kwamba anaangalia, ndiyo, lakini shingo inamlegea, anapigana na usingizi.

"Ni mtu mzima?"

"Rika langu."

"Analia?"

"Halii. Amechoka tu."

Hakuuliza tena. Niliendelea kumweleza, sasa ameegemeza kichwa, sasa amepangusa jicho. Kisha vidole vyake vikapanda kutoka mkononi mwangu hadi usoni, vikapita chini ya macho yangu polepole, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anioe. Sikumzuia.

"Twende nyumbani," akasema.

"Haijaisha."

"Najua. Twende."

Jumapili iliyofuata nilirudi kutoka kanisani nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameniachia nafasi upande wa ukutani. Akasema sinema zimemtosha, nilale. Nilimwambia asinifanyie hivyo. Akasema hanifanyii chochote, ni picha za siku hizi tu hazina maana, na akalishikilia neno hilo Jumapili hiyo na zote zilizofuata.

Nikajilaza. Usingizi nilioutamani miaka yote ile haukuja. Nilibaki macho wazi nikiutazama mgongo wake, ameketi kimya kwenye chumba ambacho hakuna mtu wa kumwambia kinachoendelea. Nilitaka kumwambia avae viatu twende. Ni kweli nilitaka, lakini mwili ulikataa kuinuka.