Tundu la Nusu Mbili

Mimi kinyongo nakitunzaga vizuri. Hiki nilikitunza wiki sita, kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka, juu ya kabati, nyumbani Makoko.

Nilikuwa kibarua wa kuosha visukuku, ile mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka jiwe. Watafiti walichimba kwenye korongo upande wa Bunda, udongo wakauleta kwa magunia kwenye nyumba waliyopanga mtaa wa Iringo, na sisi wanawake wanne tukauosha kwenye chekeche na kuokota meno. Walinichukua kwa sababu nimekulia Bukima, kando ya ziwa, nikichambua dagaa. Jino la ukubwa wa punje ya mchele halinipiti.

Kazi niliipenda, nisidanganye. Msimamizi wetu, kijana msomi, alitufundisha vizuri, hilo simnyimi. Taya la chini la paka unalijua kwa gego la mwisho: lina makali kama mkasi, na nyuma yake hakuna kitu. Fungo na nguchiro wana jino jingine hapo nyuma, la kusaga, maana wanakulaga mpaka wadudu. Paka ni nyama tu.

Siku moja alinitolea kwenye gunia bonge la udongo lenye taya la paka mdogo, meno yanachungulia. Alikuwa ameshawapigia simu wakubwa zake kwamba taya ni zima. Nikaliloweka, nikalisugua kwa mswaki taratibu. Udongo ulipoisha, mwisho wa nyuma haukuwepo.

"Dada, umelivunja."

"Sijalivunja. Limekuja hivi."

"Umelivunja kwenye beseni."

Akanifukuza palepale, mbele ya wenzangu. Kwenye boksi la taya akaandika kwa wino mweusi: LIMEVUNJWA NA KIBARUA.

Mikono yangu ndiyo inanilisha. Wiki haikuisha, nikaomba kibarua kwa mama mmoja mwenye dagaa pale ufukweni, akaniambia nisubiri kwanza, amepata wengine. Nikaelewa: maneno ya beseni yameshamfikia. Mama mkwe alipokuja kutoka Butiama akasogeza vikombe mbali nami, akacheka. Mimi sikucheka.

Mvunjiko wenyewe nilikuwa nimeuona. Mfupa wa kale ukivunjika leo, ndani unakuwa mweupe kama muhogo. Huu ulikuwa wa kahawia mpaka ndani, rangi ileile ya udongo, na pale ulipovunjikia palikuwa na pengo la nusu duara. Mambo ya rangi alitufundisha yeye mwenyewe. Alijua, au hakutaka kuangalia. Kwangu ni mamoja.

Nikawaomba wenzangu mchanga uliobaki wa gunia lile, ule wa kutupwa. Wakanipa, wakidhani nataka kusakafia jiko. Nikaumwaga juu ya wavu wa kuanikia dagaa, nikawa nauchambua kila asubuhi. Siku ya tisa nikakipata kipande cha nyuma cha taya, na chenyewe kina nusu duara yake.

Ningeweza kukipeleka kesho yake. Sikukipeleka; nilikitia kwenye lile kopo. Kusafishwa jina peke yake kulikuwa hakunitoshi; nilitaka aibu niliyoipata mimi aipate na yeye, tena mbele za watu. Nikasubiri wageni waje, siku yao wenzangu walishanidokeza.

Wakaja wakubwa zake, wakiongozwa na profesa mmoja, mama mtu mzima. Nikavaa kitenge cha kanisani, nikaingia. Msimamizi alikuwa ameshika lile boksi, anawaeleza vibarua walivyo wazembe.

"Dada, leo hakuna nafasi," akasema.

"Sijaja kwako."

Alinyoosha mkono apokee nilichoshika. Nikaupita.

"Shikamoo mama," nikamwambia profesa. "Naomba ukiunganishe hiki na hilo taya."

Akaunganisha. Vikakaa. Zile nusu mbili zikawa tundu moja la mviringo. Akaweka lenzi, akaligeuza huku na huku, mimi namwangalia msimamizi anavyolamba midomo.

"Hili ni tundu la jino," profesa akasema. "Mnyama mkubwa, fisi au jamii ya chui, tundu peke yake halisemi ni yupi. Alimng'ata huyu paka, taya likavunjikia hapo. Kijana, rangi hukuiona?"

Akaliweka boksi mezani. Nilifurahi, na furaha hiyo sijaenda kuiungama.

Alinifuata mlangoni akaniomba msamaha kwa sauti ya chini, eti kesho nirudi kazini. Nikamwambia siku ya kunifukuza hakuitumia sauti hiyo. Nikamrudisha ndani. Akayakata maandishi yake mbele ya wanawake niliokuwa naosha nao, akaandika: LILING'ATWA. Herufi zilikuwa ndogo, zimejibana pembeni.

Nikamwambia aandike upya, kubwa, na chini yake aandike nani amekipata kipande cha pili.

Akainamisha kalamu, akasita. Kisha akaniuliza jina langu. Miezi mitano nimemfanyia kazi, hakuwa analijua.

Nikamtajia herufi moja moja, polepole, watu wote wakisikia.