Picha ya Mapafu ya Babu

Wiki iliyopita nilipigwa picha ya mapafu kwa sababu ya kikohozi kilichokataa kuisha. Muuguzi alinipa bahasha pana ya kaki, akanionya nisiikunje. Nyumbani niliiinua picha mbele ya dirisha, nimeishika kwa ncha za vidole pembe mbili za juu. Hakuna daktari aliyenifundisha kuishika hivyo. Alinifundisha babu.

Tuliishi mtaa wa Kadutu, katikati ya mteremko. Vita vya pili vya nchi yetu vilikuwa vimeanza, nami nilikuwa na miaka kumi. Babu alikuwa ametumia ujana wake kutoboa mwamba kwenye migodi ya bati, kwa mashine isiyotiwa maji, na vumbi lile alirudi nalo kifuani. Asubuhi nilimchemshia majani ya mikaratusi ajifukize; nyumba nzima ilinuka mikaratusi na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokuwa wakikaangwa. Jioni nilikwenda kumpokea sokoni alikoshinda mchana, tukapanda pamoja.

Njiani alipumzika mara tatu: penye bomba, kwa jirani fundi cherehani, na kwenye jiwe chini ya ukuta wetu. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa utani, kwa hiyo kila tukifika mlangoni aliniuliza, “Muke wangu, leo tulipumzika mara ngapi?”

“Mara tatu, koko.”

“Basi niko kijana bado. Bibi yako achunge.”

Mvua zilipoanza zikawa mara tano. Akaacha kuuliza, lakini mimi sikuacha kuhesabu.

Kampuni ilikuwa imefungwa zamani, ila karani wake mmoja bado alipokea madosie, yaani majalada, ya wagonjwa wa vumbi waliodai fidia. Alitaka vitu viwili: kitabu cha kazi na picha ya mapafu. Babu alikuwa navyo. Picha ilipigwa kabla ya vita. Mashine iliyoipiga ilikuwa imekwisha kuporwa. Babu aliipanga fidia ile kama mtu anayepanga safari: dawa kwanza, kisha chumba kimoja Luvungi kwa shangazi, tambarare, mahali ambapo mtu huenda kanisani bila kupanda. Jioni aliinua picha dirishani na kunionyesha madoa meupe. “Hii ndiyo kazi yangu,” alisema.

Askari walipoanza kuingia nyumba kwa nyumba, watu walizika vitu vyao: sufuria, vitenge, hata cherehani ya jirani. Bibi alizika dosie ya babu nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Kitabu cha kazi kiliingia ndani ya kopo la maziwa. Picha ilikuwa kubwa mno, akaiviringisha katika mfuko wa unga. Tukakimbilia parokiani, tukala maharagwe yasiyo na chumvi, na mvua ikanyesha karibu kila siku.

Tuliporudi, kitabu kilikuwa kizima. Picha ilitoka na matope meusi pande zote. Bibi alikuwa na msemo wake: kitu cha udongoni hakivuki mlango bila kuoshwa. Alileta beseni na sabuni, akaisugua kwa kiganja kama sahani, nami nikimwagia maji. Niliona maji yakigeuka kijivu, nikafurahi kwamba uchafu unatoka.

Alipoiinua ilikuwa safi, ya samawati hafifu, na tupu. Bibi aliigeuza upande wa pili, kana kwamba mapafu yangekuwa huko.

Babu aliitazama muda mrefu. “Maman,” akamwambia bibi, “umeosha muzuri. Sasa uoshe na haya ya ndani.” Bibi hakucheka.

Hata hivyo babu aliipeleka kwa karani. Mimi nilibeba bahasha. Karani, mtu mwenye adabu, aliishika kwenye mwanga.

“Muzee, hii iko plastike tu. Mapafu iko wapi?”

Babu alijigonga kifuani. “Iko humu.”

“Hiyo siwezi kuitia mu dosie, papa.”

Hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Siku ile, kutoka bomba hadi mlangoni, tulipumzika mara tisa. Alifariki kabla ya kiangazi, na kitabu chake cha kazi kikabaki ndani ya kopo la maziwa.

Bibi hakuitupa picha. Aliikata, akaipigilia kwenye dirisha lililovunjwa na risasi. Miaka mingi mwanga wa jikoni kwetu ulikuwa wa samawati, na mahali palipokuwa na mapafu ya babu tuliona njia yote inayopanda kutoka sokoni.

Nyumba ile imebomolewa, na bomba halipo tena. Pikipiki zinapanda mteremko bila kusimama. Mimi hupanda kwa miguu, na wiki iliyopita, nikiwa na bahasha yangu mkononi, nilipumzika mara mbili.