Mwiko Chini ya Siti

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumbani kwetu Nyasho. Baba alikuwa ameazima gari ya baba mdogo. Alisema tunaenda kutembea, leo tunalala Butiama kwa bibi, kesho tutajua huko mbele, popote gari itakapotupeleka. Mama alikuwa anapanga begi lake, na mimi nikimshikia kanga nikauona mwiko umeviringishwa kwenye gauni la kanisani.

Nilitaka kulia palepale. Ule mwiko bibi alimpa mama siku anaolewa. Tulikuwaga tunaenda Butiama kila likizo na hajawahi kuubeba, kwa bibi anasonga ugali kwa mwiko wa bibi. Lakini mama mdogo alipoachana na mume wake alirudi na wa kwake, akauweka jikoni, na bibi hakumuuliza swali hata moja. Alienda tu kumtandikia kitanda. Kwa hiyo nilijua mama haendi kutembea. Nilidhani baba hajui.

Toka tumzike mdogo wangu, mwezi wa pili, hawaongei. Usiku ule mama alisema mtoto anachemka, twende hospitali. Baba akasema, "Tusubiri asubuhi." Asubuhi tulikuwa tumechelewa. Sasa wanaongea kupitia kwangu, mimi ambaye hata darasani nikisimamishwa sauti inakauka.

"Mwambie baba yako kioo cha huku hakifungi."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Na wamekaa mbele wote wawili, mimi niko nyuma na mabegi.

Tulipofika Makutano, pale pa kukatia kwenda Butiama, baba hakukata. Akanyoosha.

"Muulize baba yako kama amesahau kwetu ni wapi," mama akasema.

"Mwambie mama yako tunapita Bunda kwanza. Namchukulia bibi yako mchele."

Bibi hapendi wali. Anasemaga wali ni chakula cha mgonjwa. Mama anajua, mimi najua, na baba amekuwa mkwe wake tangu sijazaliwa. Nikamwangalia kwenye kioo cha dereva, macho yake mekundu, ndipo nikaelewa kwamba na yeye ameuona mwiko.

Bunda alinunua mchele. Halafu akataka tairi liangaliwe. Fundi akalizunguka, akasema, "Mzee, hili halina tatizo." Baba akamwambia aangalie na mengine. Halafu soda. Halafu mahindi ya kuchoma, kwa mama mmoja aliyekuwa anapepea jiko huku anatucheka.

"Shemeji, umemfanya nini dada yangu? Mbona amenuna hivyo? Au ndo unamrudisha kwao?"

Alikuwa anatania tu. Hakuna aliyecheka. Mama akapokea hindi, akalivunja katikati kama anavyofanyaga siku zote, akampa baba kipande. Ndipo akakumbuka. Mkono ulikuwa umeshafika. Baba alikishika kile kipande bila kukila mpaka kikapoa, na mimi nikaanza kuomba moyoni, Mungu, naomba, naomba, sikujua hata nimalizie vipi.

Lakini mama akasema, "Mwambie baba yako jua linaenda. Kwetu hakutasogea."

Walipozunguka nyuma ya gari kufunga buti, nilifungua begi lake. Nilitoa mwiko, nikausukuma chini ya siti, nikaufunika na kapeti la miguuni. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu usifike jikoni kwa bibi.

Tulifika Butiama ng'ombe wanaingia zizini. Bibi alipokea mchele, akauangalia, akasema asante kwa adabu. Mkwe halali nyumba moja na mama mkwe, kwa hiyo baba alikuwa anaenda kulala kwa mjomba. Mlangoni aligeuka, akaongea na mama mwenyewe, bila kunituma.

"Mama watoto, tuongee."

Alimwitaga hivyo zamani. Nilimwona anavyolisikia neno lenyewe likiwa limeshatoka, na mtoto nimebaki mmoja. Mama naye alilisikia.

"Asubuhi," akamjibu.

Asubuhi bibi aliinjika maji ya uji. Mama alimwaga begi lote kitandani, akakung'uta gauni la kanisani, akarudi jikoni mikono mitupu.

"Unatafuta nini?" bibi akauliza.

"Mwiko wangu."

Bibi akaacha kuchochea moto. Nikasikia sauti yangu inatoka, kubwa kuliko nilivyotaka: "Umebaki Nyasho."

Mama aliniangalia. Alikuwa ameuweka mwenyewe kwenye begi, kwa mikono yake. Nilingoja aniite mwongo. Akanyoosha mkono kwa bibi.

"Basi nipe wa kwako, mama."

Akakoroga uji wa watu wote. Hakusema atarudi na sisi. Bibi hakwenda kutandika kitanda.

Nje, baba alikuwa anafuta vumbi kwenye gari, anaangalia mlango wa jikoni. Nilifungua mlango wa nyuma, nikakaa, nikaweka miguu juu ya kapeti mpaka nikausikia mwiko chini ya nyayo. Siti ya mbele, ya mama, niliiacha wazi. Nikasubiri.